Mogire na Familia

Klabu ya Majani FC ilipotangaza kwamba kuanzia msimu huu mpira ni wa familia, watu wa Nyaramba walishika mifuko yao kwanza, kisha ndipo wakasikiliza. Safari hii walikuwa wameionea klabu bure. Tiketi ya Familia ilikuwa rahisi kweli kweli: shilingi mia tano kwa msimu mzima, baba, mama na watoto wanne, mechi zote za nyumbani. Mkungu mmoja mnono wa ndizi ungetosha kuilipia. Hata wale waliokuwa na kinyongo tangu uwanja ulipozungushiwa mabati, watoto wakakosa pa kuchungulia, walikubali kwamba mgala muue na haki yake mpe.

Lakini rahisi haiji bila masharti. Katika mechi ya majaribio mzee mmoja alifika langoni na watoto kumi na tisa, akasema wote ni wake. Hakuwa akidanganya, maana katika nchi hii mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako, na mzee yule ndugu zake walikuwa wengi. Kampuni ya sabuni iliyofadhili msimu, ambayo makao yake yalikuwa Nairobi, haikuipenda hesabu hiyo. Basi kamati ya klabu ikaenda hotelini Kisii mjini kutafuta maana ya neno familia. Walikaa huko siku mbili, wakala kuku, wakarudi na jibu: familia ni baba, mama na watoto wao, waje pamoja, baba akiwa mbele na kitambulisho mkononi.

Mong'ina alilisikia jibu hilo sokoni, likitoka kwenye kipaza sauti juu ya gari la klabu, akiwa anapanga ndizi zake. Alicheka. Kisha akamkumbuka binti yake Lorna, akaacha kucheka.

Nyumba ya Mong'ina ilikuwa na mama, watoto watatu na nyanya yao. Baba pia alikuwapo, ila baba huyo hakuwa amezaliwa. Nyanya, kwa jina Nyamusi, alikuwa amejaliwa mabinti watupu, wote wakaolewa na kuleta ng'ombe. Kwa desturi ya Abagusii nyumba haiachwi ife kwa kukosa mwana wa kiume. Kwa hiyo Nyamusi, mjane, alichukua ng'ombe wale wale akamlipia mahari Mong'ina, awe mke wa mwana ambaye angemzaa kama Mungu angependa. Mwana huyo alimpa jina la Mogire. Watoto wote wa Mong'ina walikuwa wa Mogire, na swali la nani alipita pale nyumbani halikuwa swali. Swali ni nani alitoa ng'ombe.

Na ukitaka ukweli, Nyaramba ilikuwa na wanaume wengi waliozaliwa kabisa, wakabatizwa na kupewa vitambulisho, ambao hawakumfikia Mogire hata nusu. Mogire hakuwahi kulewa. Hakuwahi kuinua mkono juu ya mtu. Bonasi ya majani chai ilipotoka hakuwahi kupotea nayo hadi Jumanne. Mong'ina hakuwa na malalamiko juu ya ndoa yake.

Shida ilianza Lorna alipohamia shule ya sekondari karibu na soko, ambako watoto walitoka kila pembe na walimu walitoka mbali zaidi. Kule jina la Mogire lilichekwa. "Baba yake ni hewa," walisema. Lorna alikuwa kipa wa timu ya wasichana, mrefu, mwenye mikono mipana, na kila bao lililomponyoka walisema ameacha baba apite. Mwanzoni alikuwa akimweleza mama yake mambo hayo. Siku hizi hakuwa akieleza tena, na hilo lilimuuma Mong'ina kuliko maneno yenyewe.

*

Meza ya klabu iliwekwa sokoni siku ya soko. Aliyeketi nyuma yake alikuwa Geoffrey, katibu wa Majani FC, kijana wa Kisii mjini mwenye tai na tableti.

"Jina la baba wa familia?"

"Mogire," Mong'ina akasema.

"Namba ya kitambulisho?"

"Hana."

"Amepoteza?"

"Hajawahi kuwa nacho."

Geoffrey akainua macho. Nyuma ya Mong'ina foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. "Sasa mama, nitaweka kwamba anashughulikia," akasema. "Wengi wanashughulikia. Mnaweza kuwa familia kwa sasa."

"Asante. Anashughulikia kweli, ila anachukua muda."

Kadi ikatoka siku ile ile, ya kijani, ngumu, imeandikwa kwa herufi kubwa: MOGIRE NA FAMILIA. Mong'ina alimkabidhi Lorna akitoka shuleni. Msichana aliisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma palipoandikwa mambo ya sabuni, akairudia mbele.

"Wameandika," akasema.

"Wameandika."

"Mama, hawa watu wa klabu wameandika Mogire, na mhuri juu yake." Akacheka, mwanya wake ukaonekana, na Mong'ina akaona kwamba shilingi mia tano haijawahi kununua kitu kikubwa kama hicho pale nyumbani. Kesho yake Lorna aliipeleka kadi shuleni ndani ya kitabu cha hisabati. Wiki nzima hakuna aliyesema neno hewa.

*

Mechi ya kwanza ilichezwa Jumapili alasiri, kwa sababu Nyaramba ni ya Wasabato, na Jumamosi hata refa angekuwa kanisani. Mong'ina alifika na watoto wake watatu waliopakwa mafuta hadi magotini, na Nyamusi aliyevaa kilemba chake cha harusi za watu. Langoni walikuta soko jipya limezaliwa.

Ilikuwa imegunduliwa kwamba akina baba wengi wa Nyaramba hawapatikani. Wako Nairobi, wako Nakuru, wako kaburini, wako chini ya mti wakicheza drafti na hawataki kusumbuliwa. Basi vijana wasio na kazi walikuwa wamejipanga kando ya lango, nywele zimechanwa, kila mmoja na kitambulisho kimeinuliwa, tayari kukodiwa kama baba.

"Mathe, unataka buda? Mbao tu!"

"Mimi nitabeba na mtoto!"

"Mathe, usimchukue huyo, hana hata ndevu. Nani ataamini?"

Akina mama walikuwa wakichagua kama wanaochagua nyanya, wakiangalia nani anafanana na watoto. Mjane mmoja mlokole alikuwa akiomba apunguziwe bei kwa vile hakuhitaji baba wa kuzungumza. Ndivyo tiketi ya kuwarahisishia wanyonge ilivyoongezwa mbao, yaani shilingi ishirini, langoni. Kamati ilikuwa imefikiria kila kitu huko hotelini isipokuwa watu.

Mong'ina aliwapita wote. Alikuwa na kadi yake.

Geoffrey alibonyeza tableti. "Mogire na familia. Karibuni. Mogire yuko wapi?"

"Hakuja," Mong'ina akasema.

"Yuko kazini?"

Hapo Nyamusi, ambaye hakujua kudanganya kwa Kiswahili, alijibu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. "Hajazaliwa."

Foleni ilicheka. Si wote. Watu wa Nyaramba wenyewe walitazama chini, kwa maana walijua. Waliocheka ni wageni, na watoto wa shule ya Lorna, na vijana wa mbao.

"Nyanya, hapa si mahali pa mzaha," Geoffrey akasema, ingawa shingo ilikuwa imeanza kumtoka jasho. Alikuwa Mkisii kamili. Nyanya yake mwenyewe huko kwao alikuwa na mke wa namna hiyo hiyo. Aliinama kidogo akashusha sauti. "Naelewa. Kweli naelewa. Lakini mfumo unataka baba."

"Ng'ombe nilitoa mimi," Nyamusi akasema. "Sita na mbuzi. Niandike mimi."

"Nyanya, mfumo hauna mahali pa kuandika ng'ombe."

"Basi huo mfumo umeoa namna gani?"

Watu wakacheka tena, safari hii wakiwa upande wa Nyamusi, lakini kicheko hakifungui lango. Geoffrey akaonyesha kando wasimame, wengine wapite. Msichana mmoja wa darasa la Lorna akapita akiwa ameshikwa mkono na kijana wa mbao. "Lorna," akaita, "baba yako amechelewa?"

Lorna alikuwa ameishika kadi kwa mikono miwili, akiisoma kama vile maneno yamebadilika.

Hapo ndipo Anyona alipojitokeza kutoka kwenye kundi la mababa wa kukodi. Alikuwa fundi wa baiskeli aliyekuwa amemaliza kuharibu baiskeli zote za Nyaramba, mwanamume wa maneno laini, na alipotabasamu mwanya wake ulionekana. Ulikuwa mwanya ule ule wa Lorna. Soko zima lilikuwa na adabu ya kutouona, na lilikuwa limeitunza adabu hiyo kwa miaka.

"Mama Lorna," akasema, "kwa hawa mimi siombi hata senti. Kitambulisho ninacho. Aniandike tu, tuingie."

Mong'ina alipiga hesabu haraka. Kijana wa mbao ukimkodi leo, kesho humjui. Anyona si wa kukodi. Anyona akisimama mbele ya umati akaitwa baba wa watoto hawa, na namba yake ikaandikwa chini ya majina yao, kesho atakuja nyumbani kuuliza mpaka wa shamba uko wapi. Nyamusi alikuwa na majani chai karibu na barabara, na Anyona alikuwa akiyatazama kila alipopita. Jina la Mogire lingekwisha siku hiyo hiyo, na ng'ombe wa kikongwe yule wangekuwa wamekufa bure.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," mwanamke mmoja kwenye foleni akamnong'oneza. "Mchukue, dada. Mpira unaanza."

Ndani, filimbi ilikuwa imelia. Lorna alimshika mama yake mkono.

"Mama," akasema polepole, "mchukue tu. Ni dakika tisini."

Mong'ina alimtazama binti yake. Macho yalikuwa yamejaa maji, na nyuma yake wenzake walikuwa wakigeuka kutazama. Hakuna kitu alichotaka duniani kama kumwona mtoto huyu akipita lango lile kichwa juu. Angeuza kilemba cha Nyamusi, angeuza viatu vyake mwenyewe.

"Kuna watu ukiwaingiza kwa dakika tisini, mwanangu, hawatoki," akasema.

Lorna akauachia mkono wake. Alimrudishia mama yake kadi, bila kuitupa, akaenda kusimama peke yake nyuma ya mabati.

*

Nyuma ya mabati palikuwa na tundu la msumari, na familia ya Mogire ikatazama mpira kwa zamu. Wadogo walitazama, Nyamusi akatazama, akasema haoni kitu ila miguu na miguu yenyewe haina adabu. Lorna alikataa zamu yake.

Huko ndani mambo hayakuwa mazuri. Mama aliyekuwa mkubwa wa kampuni ya sabuni alikuwa amefika kutoka Nairobi kuona familia alizozilipia, akakuta jukwaa la familia lina watu wachache waliosambaa. Nusu ya familia zilikuwa zimerudishwa langoni. Zilizoingia, mababa walishalipwa, wakahamia upande wa pili kulikokuwa na sigara. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Bosire, mwili mkubwa na koti la rangi ya timu, alitoka mbio hadi langoni, na alikuwa mtu asiyekimbia hata mvua ikinyesha.

"Geoffrey! Familia ziko wapi?"

"Mwenyekiti, hazijatimia. Mfumo..."

"Mfumo ndio utakaopigwa picha? Ingiza watu! Familia yoyote! Hata nusu!"

Basi yule Geoffrey aliyekuwa hana mahali pa kuandika ng'ombe alizunguka mabati akiita kwa unyenyekevu, "Mama Mogire! Mama Mogire, tafadhali, karibuni ndani, tumewawekea viti." Lango likaachwa wazi. Waliolipa na wasiolipa waliingia pamoja, na mjane mlokole akabaki akimdai baba wa kukodi shilingi ishirini zake.

Familia ya Mogire iliwekwa mstari wa mbele kabisa, kwa sababu kilemba cha Nyamusi kilikuwa kizuri. Mpiga picha akaja. Mama wa sabuni akaketi katikati yao akatabasamu. Lorna hakuwa akitazama kamera. Goli la upande ule lilikuwa hatua chache tu kutoka alipoketi, na kipa wa Majani FC alikuwa ameruka akaudaka mpira uliokuwa tayari bao. Msichana alisimama mdomo wazi, akiwa amesahau kila kitu, hata kumkasirikia mama yake.

"Na baba?" mpiga picha akauliza. "Baba wa familia hayuko?"

Mong'ina alikuwa bado anatafuta jibu mwanga wa kamera ulipowaka. Alipogeuka, Anyona alikuwa nyuma yao, ameng'aa, mkono wake umelala juu ya bega la Lorna.

*

Kalenda ya mwaka mpya ilitolewa bure kwa kila aliyenunua kipande cha sabuni. Kabla ya Krismasi ilikuwa ukutani katika kila duka, kinyozi na kilabu cha pombe, kuanzia Nyaramba hadi Kiogoro. Picha ilikuwa moja tu kubwa: kilemba cha Nyamusi, Mong'ina, watoto wawili wadogo, Lorna mdomo wazi, mama wa sabuni, na Anyona na mwanya wake. Chini yake paliandikwa: Bwana Mogire na familia yake wakifurahia mpira kwa bei nafuu.

Anyona aliileta nyumbani mwenyewe Jumapili moja mchana. Alikuwa amevaa koti la kuazima, na alikuwa amekuja na mzee mmoja wa ukoo wake awe shahidi. Alipiga hodi, akakaribishwa kwa uji, akaitandaza kalenda mezani.

"Nchi yote imeona," akasema. "Hata huko Nairobi wameona. Mimi sikuja kwa ugomvi. Nimekuja tuongee kama watu wa nyumba moja."

Mong'ina aliuona ule mkono begani mwa binti yake, umechapwa maelfu ya mara. Alikuwa amekataa langoni, na bado mtu ameingia. Lorna alikuwa mlangoni, amejiegemeza. Tangu siku ya mechi alikuwa akizungumza na mama yake kwa maneno ya lazima tu.

Nyamusi aliuliza kilichoandikwa chini ya picha. Lorna akamsomea, akimtafsiria kwa Ekegusii. Bikizee akaweka kikombe chini, akamgeukia mgeni.

"Hapa pameandikwa Mogire. Wewe ndiwe Mogire?"

Anyona alimtazama shahidi wake. "Ndivyo walivyoandika."

"Nimekuuliza wewe."

"Basi... ndiyo. Tuseme mimi ndiye."

"Mwanangu!" Nyamusi akasimama, akafungua mikono. "Umekawia wapi? Nimekungoja hadi macho yameingia ukungu. Kaa, kaa. Kaburi la baba yako bado halijajengewa, na wewe ndiwe mwana wa pekee. Saruji utaleta lini? Paa linavuja pale juu ya kitanda changu. Karo ya watoto wako nimelipa mimi miaka yote hii, tutahesabu pole pole. Na ng'ombe niliokuolea walikuwa wa dada zako. Kila mmoja anangoja wake."

Shahidi wa Anyona alianza kuitafuta fimbo yake.

"Mama, subiri," Anyona akasema, akirudi nyuma. "Mimi ni Anyona. Unanijua. Anyona wa baiskeli."

"Ah," Nyamusi akasema, akaketi. "Basi Anyona anafanya nini kwenye picha ya mwanangu?"

Mzee wa ukoo wa Anyona alikuwa tayari uani, akiwapongeza ng'ombe wa watu ili asionekane anakimbia. Mong'ina alitaka kusema neno, lakini Lorna alimtangulia. Aliingia chumbani, akarudi na wembe wa kuchongea penseli, akaivuta kalenda upande wake. Mong'ina hakumzuia. Hakujua msichana angekata nani.

Lorna alikata polepole, kama anayekata kitambaa cha mtu. Alizunguka koti, shingo, mwanya. Alipofika begani pake mwenyewe alisimama, kwa maana vidole vya Anyona vilikuwa juu ya sweta lake, na kuvitoa ni kujikata. Aliviacha. Alichukua kile kipande cha mwanamume, akakishika mbele ya mwenyewe.

"Shika kitambulisho chako," akasema.

Anyona alikipokea, akatazama uso wake pale kiganjani, akatoka. Uji wake ulibaki mezani.

Alipokwisha kuondoka, Lorna aliitundika kalenda kwenye msumari juu ya redio. Kisha akaja akaketi karibu na mama yake, karibu kabisa kama zamani, akachukua kikombe cha mgeni akaanza kunywa ule uji. Ukutani, kati ya mama wa sabuni na watoto, palikuwa na tundu lenye umbo la mtu, na udongo wa nyumba yao ulionekana ndani yake.

"Lakini vidole vimebaki, Mama," Lorna akasema.

"Viache," Nyamusi akajibu badala ya Mong'ina. "Mwanangu naye lazima awe na mkono."

Bikizee alisogea karibu na ukuta kwa sababu ya macho yake, akalitazama lile tundu kwa muda mrefu, juu hadi chini.

"Ila nilidhani angekuwa mrefu zaidi," akasema.